Kocha Ndiye Aliyepewa Kipaza Sauti

Mwaka 1951 Hollywood ilitoa filamu iitwayo Jim Thorpe – All-American. Kwa jina lake, filamu inamhusu Thorpe, mwanariadha wa taifa la Sac and Fox kutoka Oklahoma, aliyerudi na medali mbili za dhahabu kutoka Olimpiki ya Stockholm ya 1912. Aliyemwigiza ni Burt Lancaster, Mzungu wa New York, na hilo tuliache kwanza, maana Hollywood ya miaka ile ndivyo ilivyokuwa. Linaloniudhi mimi ni jambo jingine. Anayesimulia filamu nzima si Thorpe, ni kocha wake. Glenn Scobey Warner, maarufu kama Pop Warner, anasimama mbele ya watu kwenye karamu (anaigizwa na Charles Bickford), na maisha ya mtu mwingine yanaanza kutoka kinywani mwake. Thorpe alikuwa bado hai, na alifariki miaka miwili baadaye, mwaka 1953.

Hoja yangu ni kwamba miaka zaidi ya mia sasa tumekuwa tukisoma habari za Pop Warner kwa mpangilio huohuo: kocha ana kipaza sauti, wachezaji wanapita nyuma yake kama picha ukutani. Ukifungua kamusi elezo yoyote ya michezo utakuta "mvumbuzi", "gwiji", "baba wa mbinu". Mimi nasema sifa hizo zimeandikwa kivivu, na uvivu wa kuandika ukiwahusu watu walionyang'anywa majina na lugha zao unageuka kuwa dhuluma ya pili.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: futiboli ya Kimarekani ni ule mpira wenye umbo la yai, unaobebwa mikononi, watu wakigongana kama mbogo. Huhitaji kuujua zaidi ya hapo. Na neno moja kuhusu istilahi. Kiswahili chetu kimewaita wenye nchi ya Marekani "Wahindi Wekundu" kwa muda mrefu, jina lililobeba makosa mawili kwa mpigo, la jiografia na la rangi. Nitasema Wenyeji wa Marekani, na pale ninapolijua jina la taifa la mtu nitalitaja.

Warner alizaliwa mwaka 1871 huko Springville, jimbo la New York. Alisoma sheria Cornell, akamaliza 1894, na hilo "Pop", yaani baba, alipewa na wenzake kwa sababu alikuwa mkubwa kiumri kuliko wao. Akaanza kufundisha 1895 huko Georgia, na msimu huohuo akafundisha timu nyingine kule Iowa. Kisha Cornell. Kisha Carlisle, kisha Cornell tena, kisha Carlisle tena hadi 1914. Baada ya hapo Pittsburgh, halafu Stanford, halafu Temple hadi 1938. Mechi alizoshinda zinazidi 300. Alifariki Palo Alto mwaka 1954. Ukisoma orodha hiyo haraka, Carlisle inaonekana kama kituo kimoja kati ya vingi. Sivyo hata kidogo. Carlisle ndiyo iliyomtengeneza.

Carlisle ilikuwa nini? Wengi wanaandika "chuo cha Carlisle" na kuendelea na matokeo ya mechi, utadhani ilikuwa Harvard ndogo. Ilikuwa shule ya bweni iliyofunguliwa mwaka 1879 ndani ya kambi ya zamani ya jeshi huko Pennsylvania na ofisa wa jeshi, Richard Henry Pratt. Lengo lake hakulificha. Katika hotuba ya mwaka 1892 alisema waziwazi kwamba Uhindi ndani ya mtoto uuawe ili mtu abaki. Watoto waliletwa kwa treni kutoka nyanda za mbali. Walikatwa nywele, wakavuliwa nguo zao, wakapigwa marufuku kuzungumza lugha zao. Msomaji wangu uliyewahi kuvishwa kibao shingoni shuleni kwa kosa la kuongea lugha ya mama yako, huhitaji kuelezwa zaidi.

Luther Standing Bear, Mlakota, alikuwa katika kundi la kwanza kabisa. Katika kitabu chake cha 1928, My People the Sioux, anaeleza jinsi alivyopewa fimbo ya kuonyeshea ubaoni palipoandikwa michoro asiyoijua, akaambiwa achague. Akagusa mmoja. Huo mchoro ukawa jina lake, Luther. Aliingia darasani akiitwa Ota Kte na akatoka akiitwa kwa neno ambalo hakuweza hata kulisoma.

Wengine hawakutoka kabisa. Ndani ya kambi ile yapo makaburi zaidi ya 180, mengi ya watoto na vijana. Tangu mwaka 2017 jeshi la Marekani limekuwa likifukua mabaki na kuyarudisha kwa familia na mataifa yao, mmoja mmoja. Mwezi Oktoba 2024 Rais Biden aliomba radhi kwa niaba ya serikali kwa ajili ya mfumo mzima wa shule hizo, na Desemba mwaka huo akaitangaza Carlisle kuwa eneo la kumbukumbu la taifa. Hapo ndipo Warner alipokuwa akifanya kazi. Kila goli lililohesabiwa chini ya jina lake kule Carlisle lilifungwa na kijana aliyekuwa akiishi ndani ya utaratibu huo.

Sasa tuje kwenye huo "uvumbuzi".

Kwanza, mpira Carlisle haukuletwa na Warner. Timu ilianza kucheza mashindano ya nje mwaka 1893, miaka sita kabla hajafika. Pratt aliwahi kuupiga marufuku baada ya mwanafunzi kuvunjika mguu, na kwa maelezo yake mwenyewe ni wanafunzi waliokwenda ofisini kwake, kundi zima, na msemaji wao akatoa hoja nzito hadi yeye akakubali. Yaani mchezo ule waliudai wao, kwa ufasaha, katika lugha waliyolazimishwa kujifunza. Mimi kama mtu wa fasihi ningetoa chochote niisikie hotuba ile. Lakini nani anayeanzia hapo? Wanaanzia kocha anaposhuka kwenye treni.

Mwaka 1896, Warner akiwa bado Georgia, vijana wa Carlisle walikabiliana na Princeton, Yale, Harvard na Pennsylvania ndani ya msimu mmoja. Dhidi ya Yale, kule New York, Jake Jamison, wa taifa la Seneca, alipenya akakimbia na mpira hadi mstari wa mwisho. Mwamuzi alikuwa amepuliza filimbi, bao likakataliwa, na Yale ikashinda 12 kwa 6. Mwamuzi huyo, William Hickok, alikuwa mhitimu wa Yale, na tena ndiye aliyekuwa kocha wa Carlisle! Watazamaji wa New York, ambao hawakuwa ndugu wa mtu yeyote pale uwanjani, walizomea. Wiki iliyofuata walipocheza na Harvard, aliyetumwa na gazeti kuandika habari alikuwa Stephen Crane, yuleyule wa The Red Badge of Courage, iliyokuwa imetoka mwaka mmoja tu nyuma. Harvard ilishinda 4 kwa 0. Timu ambayo tayari inaandikwa na Stephen Crane haisubiri mtu aje aivumbue.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Warner aliujua mchezo. Ule mpangilio wa wachezaji unaoitwa single wing, uliotawala viwanja vya Marekani kwa miongo kadhaa, ni kazi yake, na ile double wing pia. Pittsburgh chini yake ilipita misimu bila kufungwa. Sheria mpya za mwaka 1906 ziliporuhusu pasi ya mbele, baada ya mchezo kuua vijana kiasi cha Rais Roosevelt kuwaita wakuu wa vyuo Ikulu, yeye aliona haraka kuliko wengi nini kinawezekana. Sibishi.

Ninachobisha ni kishazi "Warner alivumbua" pale ambapo sentensi kamili ingekuwa "Warner na fulani". Chukua msimu wa 1907, ambao Carlisle ilishinda mechi kumi na kupoteza moja. Pennsylvania walifungwa 26 kwa 6. Pasi ndefu zinazozunguka angani kama msumari wa skrubu, nani alikuwa akizirusha? Frank Mount Pleasant, Mtuscarora. Pete Hauser naye. Dhidi ya Chicago ya kocha Stagg, Albert Exendine, wa taifa la Delaware, alikuwa anabanwa na walinzi kila anapojaribu kusogea. Akatoka nje ya mstari, akazunguka nyuma ya benchi, akarudi uwanjani upande wa pili na kudaka pasi ya Hauser akiwa peke yake. Carlisle wakashinda 18 kwa 4. Ni tukio la kuchekesha na la akili nyingi, na linahitaji mtu mwenye mwili wa kulitekeleza na ubaridi wa kichwa mbele ya maelfu. Vitabuni linaingia chini ya "hila za Pop Warner".

Hila iliyo maarufu zaidi ni ya mwaka 1903 dhidi ya Harvard. Fulana ya Charlie Dillon ilishonewa mpira wa kuvuta, ule wa lastiki, kwa chini. Wenzake walipokusanyika baada ya kuupokea mpira, waliuchomeka mgongoni mwake, halafu kila mmoja akakimbia huku kajikunja kana kwamba anao. Harvard walimkaba kila mtu isipokuwa Dillon, aliyepita hadi mwisho. (Harvard walishinda hata hivyo, 12 kwa 11, jambo ambalo wasimuliaji hulisahau kwa urahisi.) Hila yenyewe haikuwa mpya. Auburn ya John Heisman ilishaificha mpira ndani ya fulana mwaka 1895. Sasa angalia linavyosimuliwa. Mzungu akificha mpira anaitwa mbunifu. Vijana wa Carlisle wakiuficha, magazeti ya wakati ule yanaandika kuhusu werevu wa porini na uvamizi. Ubunifu unabaki kwa kocha, na ujanja, kwa maana yake mbaya, unaachiwa wachezaji.

Mnaweza kusema: hayo ni magazeti, kocha ana kosa gani? Basi tumsome kocha mwenyewe. Mwaka 1931, akiwa Stanford, mshahara mzuri na jina kubwa, Warner alichapisha mfululizo wa makala katika jarida la Collier's akikumbuka miaka ya Carlisle. Moja aliipa kichwa "The Indian Massacres", yaani mauaji ya halaiki ya Wahindi, na anaongelea mechi. Nyingine iliitwa "Heap Big Run-Most-Fast". Kichwa hicho hakitafsiriki, maana ni Kiingereza kilichovunjwavunjwa kwa makusudi ili kuiga jinsi Mzungu anavyodhani Mwenyeji anaongea. Hebu fikiria. Vijana walichapwa wajifunze Kiingereza sanifu. Exendine alisomea sheria. Gus Welch, wa taifa la Ojibwe, akawa mwanasheria pia. Na kocha wao anaandika kumbukumbu zao kwa lugha ya vikatuni. Sisi tunaosoma fasihi tunajua kwamba namna unavyomsemesha mhusika ndiyo hukumu yako juu yake.

Kuna pia hadithi ya West Point, 1912. Carlisle wanakwenda kucheza na timu ya jeshi, ambayo ina kijana aitwaye Dwight Eisenhower. Inasemekana kwamba kabla ya mechi Warner aliwakumbusha wachezaji kuwa baba na babu za wale askari ndio waliopigana na baba na babu zao, akataja Wounded Knee. Wakatoka, wakashinda 27 kwa 6. Waandishi wanaipenda hotuba hii kupita kiasi. Ni nzuri kwa filamu. Mimi inanikera. Wounded Knee ilikuwa mwaka 1890. Wengi wa vijana wale hawakuhitaji mwanasheria wa Springville kuwakumbusha nani aliua nani. Hotuba ikiwa kweli ilitolewa, basi mtu alichota msiba wa wengine akautumia kama petroli ya mchana mmoja. Na hata kama haikutolewa, wepesi wetu wa kuirudia unaonyesha tunataka hata hasira yao itoke kwa kocha.

Hapa sasa nifike kwenye barua, kwa sababu kwangu kesi nzima ipo kwenye barua moja.

Januari 1913 magazeti yalifichua kwamba Thorpe aliwahi kulipwa kucheza besiboli huko North Carolina, majira ya joto ya 1909 na 1910. Olimpiki wakati huo ilikuwa ya wasiolipwa tu. Wachezaji kibao wa vyuo walikuwa wakifanya hivyohivyo wakati wa likizo, ila walitumia majina ya bandia. Thorpe alitumia jina lake. Ikatoka barua yenye saini yake kwenda kwa James Sullivan, katibu wa chama cha riadha cha ridhaa. Mwandishi wa barua anajieleza kuwa mwanafunzi tu wa Kihindi, asiyeujua ulimwengu, asiyejua kwamba alichofanya ni kosa, na kwamba alifanya tu kama walivyofanya wengine. Waandishi wa wasifu wanaona mkono wa Warner ndani ya barua ile, na ukiisoma huhitaji shahada ya isimu kuona kwa nini. Kila sentensi inafanya kazi mbili. Inamfanya Thorpe aonekane mjinga, na inawasafisha wakubwa wa Carlisle, ambao kwa hesabu hiyo hawakujua chochote.

Hawakujua! Thorpe aliondoka shule ile 1909, akarudi 1911 kwa sababu Warner alimtaka arudi. Miaka miwili mchezaji bora wa timu hayupo, na kocha aliyekuwa anajua kila senti inayoingia mlangoni hakuuliza alikuwa wapi? Medali zikachukuliwa. Kocha akabaki na kazi yake. Kamati ya Olimpiki ilirudisha hadhi yake nusunusu mwaka 1982, ikimtaja mshindi mwenza, na kikamilifu mwaka 2022, miaka 69 baada ya kifo chake. Kwa karibu miaka sabini rekodi rasmi ya mwanariadha yule iliamuliwa na barua ambayo huenda hakuiandika. Mtoto wa Sac and Fox ambaye jina lake la nyumbani, Wa-Tho-Huk, lina maana ya njia iliyomulikwa, akatiwa maneno ya kinyenyekevu mdomoni na kuambiwa atie saini.

Wachezaji hawakunyamaza, na hapa ndipo ninapokasirika zaidi na wale wanaotuletea ile kauli ya "alikuwa mtu wa zama zake". Mwaka 1914 Gus Welch, mmoja wa nyota wa timu, alipeleka malalamiko Washington, na waraka wa wanafunzi ukasainiwa na wenzake zaidi ya 200. Mkaguzi alitumwa. Kamati ya pamoja ya Bunge la Marekani ikafika Carlisle na kuwahoji watu. Wachezaji walieleza kwamba kocha alikuwa akiwatukana na kuwapiga baadhi yao, na kwamba aliuza tiketi za bure kwenye kumbi za hoteli. Ikajulikana jinsi mfuko wa michezo ulivyoendeshwa. Pesa za viingilio vya mechi ambazo vijana wale walizicheza karibu zote ugenini (mcheza kwao hutuzwa, wao hawakupewa hata kwao) zilikuwa zikitumika kwa mambo mengi, ikiwa ni pamoja na malipo kwa waandishi wa habari. Welch aliiambia kamati kwamba Warner ni kocha mzuri wa mpira lakini ni mtu asiye na msimamo wa kimaadili.

Rudia hapo. Mwaka ni 1914. Msemaji ni kijana aliyecheza chini yake, anaongea chini ya kiapo, anatenganisha ujuzi na utu kwa sentensi moja, kwa usahihi ambao wasifu nyingi zilizofuata hazijaufikia. Mkuu wa shule, Moses Friedman, alifukuzwa. Kiongozi wa bendi aliyempiga binti mwanafunzi alifukuzwa. Warner alimaliza msimu, akaenda zake Pittsburgh. Shule ilifungwa 1918.

Kwa hiyo "zama zake" ni zipi? Zama zake zilikuwa na Gus Welch. Zilikuwa na Carlos Montezuma, daktari wa Kiyavapai, aliyeishambulia timu ya Carlisle magazetini mwaka 1907 akisema mpira umeshageuzwa biashara. Zilikuwa na Zitkala-Ša, mwandishi wa Kiyankton aliyefundisha Carlisle mwishoni mwa miaka ya 1890 na mwaka 1900 akachapisha katika Atlantic Monthly kumbukumbu za shule ya bweni zilizomkasirisha Pratt kabisa, za mtoto anayekatwa nywele huku amefungwa kwenye kiti. Walikuwapo wote, waliandika, walisema. Tukisema "hakuna aliyejua wakati ule" tunawafuta kwa mara ya pili, na safari hii kwa kalamu zetu wenyewe.

Hoja nyingine ninayoisikia ni kwamba aliwapa nafasi. Bila yeye dunia isingemjua Thorpe. Hii nayo naielewa inapotoka. Ni kweli uwanja ulikuwa mahali pachache ambapo wale vijana walionekana kama mabingwa, na nisingependa kuwavua furaha hiyo. Walisafiri, walicheka, waliwafunga watoto wa matajiri wa Boston. Mwaka 1911 Thorpe aliwafunga Harvard karibu peke yake, 18 kwa 15, mguu ukiwa umefungwa bandeji. Lakini furaha ile ni mali yao. Kuikabidhi kwa Warner kama zawadi aliyowagawia ni sawa na kumshukuru mwenye basi kwa uzuri wa safari ya kwenda kwenu.

Na kama ni ushahidi wa nani aliwaona vijana wale kama watu, upo, na wapenzi wa ushairi wataufurahia. Mshairi Marianne Moore, kabla hajawa Marianne Moore wa vitabu, alikuwa mwalimu wa masomo ya biashara pale Carlisle kuanzia 1911: kupiga chapa, hatimkato, utunzaji wa hesabu. Thorpe alikuwa mwanafunzi wake. Miaka mingi baadaye alimkumbuka kwa adabu yake, kwa mwandiko wake mzuri, kwa siku alipomwomba amchukulie mwavuli. Mwandiko mzuri, ona. Huyu ndiye yule ambaye barua ya 1913 inamchora kama mtoto wa porini asiyejua kitu.

Kama unataka kusoma, Path Lit by Lightning ya David Maraniss (2022) haimwonei haya Warner, na sura zake za kashfa ya medali zitakutoa usingizi. The Real All Americans ya Sally Jenkins (2007) inaandikwa kwa kasi ya mchezo wenyewe na inawarudisha wanafunzi katikati. Vitabu vizuri vipo. Tatizo ni kwamba havijafika kwenye yale maandishi mafupi ambayo watu wengi ndiyo husoma: kurasa za michezo, makala za kumbukumbu, maelezo ya kwenye vibao. Huko bado 1951, karamu inaendelea, na Bickford anaongea. Ligi kubwa ya watoto ya mchezo huo Marekani, iliyoanzishwa Philadelphia mwaka 1929, ilipewa jina la Warner mwaka 1934, na jina lake kamili ni Pop Warner Little Scholars. Wanazuoni wadogo. Sijui kama aliyelipa jina hilo aliwahi kusoma ushahidi wa mwaka 1914.

Ushahidi huo upo. Serikali iliuchapa mwaka uleule, na nyaraka nyingi za shule ile, majalada ya wanafunzi, picha, magazeti yao, zimewekwa mtandaoni na chuo cha Dickinson, kilicho palepale mjini Carlisle. Ni bure. Anayetaka kuandika tena kuhusu Pop Warner anaweza kuanza na Welch siku yoyote anayotaka.